Joto linalopotea kwa ordinatere: linaweza kukausha kakao yetu?



Wakati wa mvua kila mmoja wetu anaujua. Umevuna vizuri, umechachusha kakao yako siku tano au sita kwenye kasha, umeianika juu ya meza, na pale pale mawingu yanakusanyika. Unakimbia na shitingi, unafunika. Mvua inapita, unafunua. Nusu saa, mawingu tena. Siku ya tatu unasikia harufu si ya kakao, ni ya ukungu.

Halafu unafika depo. Mpimaji anatia kipimo ndani ya mfuko, anasoma: 11.

«Mama, kakao yako iko na maji.»

«Mwanangu, jua nitalitosha wapi? Siku ine sijaliona.»

Hapo hakuna mwenye kosa. Mama alifanya kazi yake, mpimaji anafanya yake. Lakini kakao inarudi nyumbani, ama inauzwa kwa bei ya chini kwa mtu anayepita njiani na mizani yake. Taabu yetu haiko shambani. Iko katika zile siku kumi za mwisho, kati ya kasha la kuchachusha na mlango wa depo.

Njo maana katika namba hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwanza litaonekana kuwa mbali na shamba: joto linalotoka kwenye ordinatere. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mjadiliane katika mkutano wenu wa mwezi.

Joto hilo linatoka wapi?

Ukituma pesa kwa simu kwa mtoto anayesoma Butembo, ile habari hairuki moja kwa moja kutoka simu yako mpaka simu yake. Inapita kwenye antena, inafika katika nyumba fulani iliyojaa ordinatere, ambazo zinaandika: huyu ametoa, yule amepokea. Picha unazotuma, nyimbo unazosikiliza, benki, ofisi za serikali, vyote vinahifadhiwa katika nyumba za namna hiyo. Wenye kazi wanaziita senta za data. Kuna ndogo za chumba kimoja, na kuna kubwa kama uwanja wa mpira.

Nyumba hizi zinakula umeme mwingi. Shirika la Kimataifa la Nishati limeandika kwamba katika mwaka 2024 zilitumia karibu 1.5 kwa mia ya umeme wote wa dunia. Na hapa kuna jambo la kushika vizuri: umeme ule hauishi. Ordinatere haisukumi gari wala haisagi mihogo. Inahesabu tu. Kwa hiyo karibu umeme wote unaoingia ndani yake unatoka tena ukiwa joto. Shika nyuma ya televisheni, ama shika simu yako baada ya kuongea kwa muda mrefu, utasikia joto lile. Senta ya data ni simu hizo maelfu na maelfu chini ya paa moja.

Joto lile ni adui wa masini. Likikaa ndani, masini inaharibika. Kwa hiyo wenyewe wanalipa pesa ingine tena kwa ventilateri na vyombo vya kupoza, ili walitupe inje. Wanalipa kwa kulileta, wanalipa kwa kulifukuza. Ni kama mtu anayelipa kubeba maganda ya kahawa kwenda kuyatupa mtoni, wakati jirani yake anatafuta mbolea.

Wengine walifanya nini nalo

Katika inchi za baridi watu walianza kujiuliza: juu ya nini tutupe joto, na huku nyumba zinahitaji joto? Katika mji wa Odense, huko Denmaki, joto la senta ya data ya kampuni ya Facebook linapelekwa tangu 2020 ndani ya mabomba ya maji moto ya mji, na linapasha maelfu ya nyumba. Mji mdogo wa Mäntsälä, huko Ufini, ulitangulia kufanya vile. Katika Exmouth, Uingereza, mwaka 2023 waliweka ordinatere chache, ukubwa wa masini ya kufulia nguo, kando ya pisini ya watu wote, na joto lake likasaidia kupasha maji ya kuogelea. Hata pisini ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, ilipata joto kutoka senta ya data iliyo karibu, huko Saint-Denis.

Mtasema: sisi hatuhitaji kupasha nyumba, na mtoni tunaogelea bure. Ni kweli. Lakini kuna wengine waliopeleka joto hilo katika kazi zinazofanana na zetu.

Huko Falun, Uswidi, joto la senta ya data linatumika kukausha unga wa mbao unaogeuzwa kuwa vipande vidogo vya kuni. Karibu na Hønefoss, Norwe, kampuni moja iliyokuwa na masini za kutafuta bitcoin ilipuliza hewa ya moto ya masini hizo juu ya kuni za wakata miti wa pale, na juu ya majani ya baharini, ili vikauke. Katika Bibai, kaskazini ya Japani, walitumia joto la ordinatere kufuga samaki wa aina ya mkunga, juu samaki hao wanapenda maji ya vuguvugu. Huko Boden, Uswidi, walijaribu kupasha nyumba ya kuoteshea mboga mahali ambapo theluji inakaa miezi mingi.

Kukausha, kufuga, kuotesha. Hizo ni kazi za mkulima. Na kukausha kuna faida moja kubwa kupita zingine. Hewa inayotoka kwenye ordinatere si moto kama wa jiko. Mara nyingi iko kati ya digrii 30 na 50. Kwa kupasha nyumba za mji hiyo ni kidogo. Njo sababu Odense walilazimika kuweka masini zingine za kupandisha joto. Haiwezi kuchemsha chai, haiwezi kuoka mkate. Lakini kwa kakao, kahawa na mahindi, joto la kadiri hiyo njo lile lile tunalotafuta.

Na kwetu Kongo?

Mfano uko karibu kuliko mnavyodhani. Hifadhi ya Virunga imejenga santrali za umeme wa maji katika Kivu ya Kaskazini: Mutwanga, Matebe katika Rutshuru, na Luviro katika teritwari ya Lubero. Pale Luviro, tangu 2020, ziliwekwa kontenere zilizojaa masini za kutafuta bitcoin. Bitcoin ni pesa isiyo na karatasi, inayoishi ndani ya ordinatere tu, na masini zinazofanya mahesabu yake zinalipwa kwa pesa hiyo hiyo.

Juu ya nini masini hizo zikawekwa katika kijiji? Kwa sababu mto unatiririka mchana na usiku, lakini nyaya za umeme hazijafika kwa watu wote. Umeme usio na mtu wa kuununua unapotea. Wakati huohuo hifadhi ilikuwa imepoteza wageni, kwanza kwa ukosefu wa usalama, halafu Ebola, halafu korona. Masini za bitcoin hazihitaji barabara wala soko: zinahitaji umeme na intaneti. Zikanunua umeme uliokuwa hauna mnunuzi, na hifadhi ikapata pesa ya kulipia kazi zake.

Kila kontenere inaweza kubeba masini 250 au zaidi. Masini moja ya namna hiyo inakula karibu kilowati 3. Ukisimama kwa upande wa nyuma unapokea upepo wa moto, na kelele kama ya kinu. Upepo ule unakwenda angani. Wale walioweka masini hizo wamekwisha kusema mbele ya watu wote kwamba hewa ile inaweza kupelekwa kwenye vikaushio vya kakao. Wazo ni zuri. Kazi yetu ni kulipima kwa mizani ya mkulima: linaweza kufanya nini, na haliwezi kufanya nini?

Tufanye hesabu pamoja

Chukua kilo 100 za kakao iliyotoka kwenye kasha la kuchachusha. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni maji, tuseme 55 kwa mia. Depo inataka 7 kwa mia. Ukiikausha mpaka pale, zinabaki kilo 48 hivi. Kilo 52 zimeondoka hewani. Ni maji karibu bidoni mbili na nusu za litre 20. Jua njo lilikuwa likibeba bidoni hizo bure, na wakati wa mvua linakataa.

Ili kugeuza litre moja ya maji kuwa mvuke, unahitaji joto la karibu kilowati-saa 0.65. Kwa litre 52, hiyo ni kilowati-saa 34. Lakini hakuna kikaushio kisichopoteza. Tuseme nusu ya joto inatoroka, basi unahitaji karibu 68.

Sasa angalia masini moja ya kilowati 3: inatoa joto saa 24, yaani kilowati-saa 72 kwa siku. Maana yake, joto la masini moja kwa siku moja linatosha, kwa hesabu, kwa kilo 100 za kakao bichi. Na kontenere moja iko na 250.

Mnaona? Joto si kidogo. Kontenere moja ina joto la kutosha kwa kooperative nyingi kwa pamoja.

Kuna jambo lingine linalosaidia wakati wa mvua. Asubuhi ya mvua, hewa ni digrii 22 na imeshiba maji, unyevu wake ni 90 kwa mia. Hewa iliyoshiba haiwezi kunywa maji ya kakao yako, hata upepo ukivuma sana. Lakini ukiipasha hewa ileile mpaka digrii 40, bila kuongeza wala kupunguza maji yake, unyevu unashuka mpaka 32 hivi kwa mia. Hewa imepata kiu. Njo kazi ya kikaushio chochote: kuipa hewa kiu. Na hewa ya ordinatere haina moshi. Wale wanaokausha kwa kuni wanajua hasara ya moshi: unaingia ndani ya mbegu, na mnunuzi wa chokoleti akiusikia mara moja tu, mzigo wote unakataliwa.

Kakao haipendi haraka

Mtu akisikia kwamba kuna joto jingi, atataka kumaliza kila kitu kwa siku moja. Hapana. Kakao iliyokaushwa mbio inakuwa ngumu kwa inje na inabaki na maji ndani. Siki iliyotokea wakati wa kuchachusha inakosa njia ya kutoka, na mbegu inabaki chachu. Siku mbili za kwanza joto liwe la polepole, na kakao igeuzwe mara kwa mara. Baadaye linaweza kupanda, lakini lisipite digrii 60. Ukipita chini ya 6 kwa mia ya unyevu, maganda yanavunjika na unapoteza uzito bure. Ukibaki juu ya 8, ukungu unarudi ndani ya mfuko.

Kwa kahawa ya ganda, msipite digrii 40, na muishie 11 au 12 kwa mia. Kwa mahindi ya kuhifadhi, shusheni mpaka 13 kwa mia ili ile sumu ya ukungu, aflatoksini, isipate nafasi. Na kama mahindi ni ya mbegu, yasipate joto kali, juu mbegu ni kitu chenye uhai: ukiipika, haioti.

Kwa hiyo termometre na kipimo cha unyevu ni vyombo vya lazima kuliko hata joto lenyewe. Kooperative isiyo na kipimo inakausha kwa kubahatisha.

Joto halisafiri

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe.

Umeme unasafiri kwa waya mpaka mbali. Bitcoin inasafiri kwa intaneti mpaka ngambo ya bahari kwa nukta moja. Lakini hewa ya digrii 45 haisafiri. Ipeleke mbali ndani ya bomba lisilofunikwa, inapoteza joto lake jingi. Kwa hiyo kikaushio lazima kikae mgongoni mwa kontenere, hatua chache tu. Kakao njo itasafiri kuifuata, si joto kuja kwa kakao.

Na kakao bichi ni nzito. Tumeona: katika kilo 100, 52 ni maji ya kuondolewa. Anayebeba kakao bichi kwa pikipiki kilomita 30 analipa nauli ya bidoni mbili na nusu za maji. Tena haiwezi kungoja njiani. Barabara ikikatika, ama kukitokea vita, inaoza ndani ya mifuko. Kakao nyingi ya Kivu ya Kaskazini inatoka Beni. Luviro iko Lubero. Mkulima wa Beni hawezi kujipangia maisha yake juu ya joto la Luviro. Jirani wa Luviro mwenye kahawa au mahindi, yeye anaweza.

Hapa kuna hekima ndogo. Angalieni kila kitu kinachopita katika kontenere ile. Umeme unaingia, unaweza siku moja kuuzwa mahali pengine. Bitcoin inatoka, haibaki kijijini. Masini zenyewe zinaweza kupakiwa juu ya lori na kuhamishwa. Kitu kimoja tu hakina njia ya kuondoka: joto. Likitumika, litatumika pale pale, na watu wa pale. Lisipotumika, limepotea kwa wote. Kwa hiyo mwenye masini akija kwenu kuomba kiwanja, msiombe kazi ya ulinzi tu na zawadi ya mbuzi. Ombeni joto. Na muliombe mbele, kabla msingi haujamwagwa, kwa sababu kontenere ikishageuziwa mgongo kwenye kilima, ni vigumu kuigeuza tena.

Maswali sita kabla ya kutia sahihi

Komite ya kooperative ikiitwa kwenye mazungumzo ya namna hii, iende na maswali haya yameandikwa.

1. *Joto ni la nani, na kwa bei gani?* Leo linatupwa, kwa hiyo linaitwa la bure. Kesho, likishaonekana lina faida, mtu atalitaja bei. Muandike sasa: ni bure kwa miaka mingapi, na baadaye nani anapanga bei.

2. *Masini zikizimwa?* Bei ya bitcoin inapanda na kushuka kuliko hata ya kakao. Ikishuka sana, mwenyewe anazima. Mto ukipungua wakati wa kiangazi, umeme nao unapungua. Bahati njema ni kwamba wakati wa mvua, tunapohitaji joto zaidi, maji ya mto ni mengi. Lakini mkataba useme watatupasha habari siku ngapi mbele.

3. *Nani analipa ventilateri ya kikaushio?* Ventilateri za masini ni dhaifu, kazi yake ni kutoa hewa kidogo mbele yake tu. Ukizifungia bomba refu na meza zilizojaa kakao, hewa inarudi nyuma na masini zinaungua. Kikaushio lazima kiwe na ventilateri yake chenyewe ya kuvuta. Inakula umeme. Umeme huo unatoka wapi, na nani analipa?

4. *Vumbi linakwenda wapi?* Hewa ipite njia moja tu: kutoka masini kwenda kakao, isirudi kamwe. Vumbi la maganda ndani ya ordinatere ni hasara kwa mwenyewe, na vumbi la masini juu ya kakao ni hasara kwetu. Wekeni wavu na chujio, na mtu mmoja anayejua ni siku gani ya kuvisafisha.

5. *Nani anaingia kwanza?* Wakati wa mavuno wote watafika siku moja. Zamu ipangwe na kooperative, iandikwe ubaoni mahali watu wote wanaona. Mama mwenye kilo 30 asingoje mpaka mwenye tani moja amalize.

6. *Umeme ukianza kuhitajika na watu?* Swali hili lisiogopwe. Nyaya zikifika vijijini, kinu cha mihogo, nyumba ya kuzalia na taa ya mwanafunzi vinapita mbele ya bitcoin. Siku hiyo kontenere zitapungua, na joto litapungua nazo. Ni habari njema kwa kijiji, lakini kikaushio kisife pamoja nazo. Kijengwe hivi kwamba kinaweza kupokea joto la namna ingine: jua, ama tanuru la maganda lenye bomba la moshi la peke yake.

Na ambao hawana ordinatere karibu?

Wengi wenu mnaosoma jarida hili hamna kontenere hata moja katika sheferi yenu, na labda haitakuja. Je, mmepoteza wakati wenu kwa kusoma? Hapana.

Wazo lenyewe ni pana kuliko ordinatere. Ulizeni katika kijiji chenu: ni joto gani linatupwa kila siku? Tanuru la matofali linakaa na moto siku nyingi baada ya kuni kuisha. Chombo cha kuchemsha mafuta ya mawese kinatoa joto tangu asubuhi. Motere ya mazuti ya kinu inageuza kuwa nguvu ya kusaga karibu theluthi moja tu ya mafuta inayokunywa. Ingine inatoka na moshi, ingine inatoka kwa radiatere. Hewa ya mbele ya radiatere ni ya moto. Ile ya bomba la moshi ina sumu inayoua bila harufu, isikaribie kamwe kakao wala chumba anachokaa mtu. Msijaribu jambo hilo bila fundi na bila agronomu wenu.

Na kabla ya kutafuta joto jipya, tumieni vizuri lile mlilo nalo. Meza iliyoinuliwa toka chini, ili hewa ipite juu na chini. Paa la plastiki safi, lililo wazi pande mbili, linaloacha jua liingie na mvua ikae inje. Tabaka jembamba la kakao, lisilopita kina cha vidole vitatu, ligeuzwe kila saa siku za kwanza. Vitu hivi haviombi intaneti. Kooperative iliyozoea kuvitumia njo itakayojua kutumia hewa ya kontenere siku itakapopatikana. Ile isiyogeuza kakao yake kwenye meza haitaigeuza ndani ya kikaushio.

La kujadili katika mkutano

Turudi kwa mama wetu wa depo. Hakuomba ordinatere, wala bitcoin. Aliomba siku ine za hewa kavu. Dunia sasa imejaa masini zinazolipa pesa ili kutupa hewa ya namna hiyo, na chache kati ya hizo zimefika mpaka kwenye mito yetu. Si zote zitatusaidia, na hakuna itakayotusaidia kwa kupenda kwake yenyewe. Itategemea nani alikuwa kwenye meza siku mkataba ulipoandikwa.

Katika mkutano wenu wa mwezi huu, andikeni mambo matatu kwenye daftari ya komite. La kwanza: msimu uliopita, ni kilo ngapi zilirudishwa kutoka depo kwa sababu ya maji? Hiyo namba njo nguvu yenu katika mazungumzo yoyote, kwa maana bila namba mtasikilizwa kama watu wanaolia tu. La pili: ni joto gani linapotea katika kijiji chetu, na liko hatua ngapi toka meza zetu? La tatu: kama mtu akija kesho kuomba kiwanja kando ya mto, ni nani kati yetu watakaokwenda kuongea naye, na wataomba nini?

Tuleteeni majibu yenu kwa njia ya agronomu anayewatembelea. Ushirika utakaotuma namba zake tutazungumza naye, na tukirudi kwenye jambo hili, tutaanza na hesabu zenu.

Kazi njema, na jua liwe upande wenu.